Mwaka Mume Wangu Alipofungwa Nira

Siku tulipomzika mume wangu, watu walisimama mmoja mmoja wakaeleza jinsi alivyokuwa mrukaji. Mmoja alisema aliwahi kuruka juu ya ng'ombe aliyesimama. Mwingine, ambaye mwaka huo ninaoukumbuka alikuwa bado ananyonya, alisema marehemu aliwashinda wote wa wilaya nzima mpaka wakubwa wa Dar es Salaam wakataka kumchukua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nimejifunika kanga. Mfiwa habishani na watu waliokuja kumzika mtu wake. Nikanyamaza mpaka matanga yakaisha. Lakini nimesoma mpaka darasa la nne, kalamu naijua, na kuna siku uongo juu ya mume wangu unaniuma kuliko kufiwa kwenyewe. Hakuruka ng'ombe. Alifungwa pamoja na ng'ombe. Hilo ndilo la kweli, na nilikuwepo.

Tulikuwa Mwamkulu, katikati ya miaka ya sabini. Mimi nilikuwa mwali kwa mama mkwe. Kwa watu wa mume wangu, mwanamke aliyeolewa hana jiko. Anapika kwenye jiko la mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, kwa chumvi iliyopimwa na vidole vya mama mkwe, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomwekea mafiga yake. Ni mawe matatu tu, lakini lazima yawekwe kwa mkono wake, na wewe huwezi kuyaomba. Ukiyaomba, umemtukana. Wengine huwekewa baada ya mavuno ya kwanza, wengine wakipata mtoto. Mimi nilikuwa nimevuna naye mara kadhaa, mtoto tulimpata na tukamzika kabla hajaota meno, na mawe sikuyaona.

Chumba chetu kilitengwa na chake kwa ukuta usiofika juu. Tukianza kuzungumza, anakohoa. Tukinyamaza, anauliza, "Nyie, mmelala?" Mtu hawezi kujibu swali hilo vizuri.

Njia pekee ya kupata jiko bila kuliomba ilikuwa kuhama, na mkulima wa mpunga hahami bila sababu. Sababu ikaja siku mwalimu wa shule alipotangaza baada ya misa kwamba shirika moja la umma lenye wanariadha huko Tabora litamtuma mtu Mpanda siku ya Saba Saba. Atawatazama wanaokimbia na wanaoruka. Atakayempendeza atapewa kazi, na kazi hiyo ina chumba. Mwalimu aliendelea kueleza habari za afya na ujenzi wa taifa. Mimi nilisikia chumba.

Mume wangu alikuwa anaruka juu tangu shule. Zamani zile hatukuwa na magodoro ya kuangukia. Unasimamisha miti miwili, unalaza mwanzi juu yake, unarundika majani ya mpunga upande wa pili, unakimbia kutoka pembeni na kurusha mguu mmoja kisha mwingine kama mkasi. Yeye alivuka mwanzi uliowekwa usawa wa kidevu changu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kipimo. Nasimama kando ya mti, anaweka alama. Habari zilisema mtu wa Tabora hatazami mtu asiyevuka kimo cha mtu mzima. Kwa hiyo kilichobaki kati yangu na mafiga kilikuwa kutoka kidevuni mpaka juu ya kilemba.

"Nitavuka," akasema.

"Kwa miguu ipi?" akauliza mtani wetu.

Huyu mtani alikuwa jirani, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini akaomba mahali pa kukaa. Wasukuma na watu wa mume wangu walikuwa wameshakubaliana kuwa watani. Nani alikubali na lini sijui, ila maana yake ilikuwa kwamba angeweza kuingia kwetu akasema lolote, na aliyenuna ndiye mjinga.

"Miguu yako ni ya kuku wa kienyeji, mtani. Ina mbio, haina nyama."

"Na yako je? Miguu ya kufuata mikia ya ng'ombe."

"Nimeifuata sana, na ndiyo maana najua nguvu inakaa wapi." Akajipiga makalio kwa kiganja. "Inakaa hapa. Hata maksai, nguvu zake ziko nyuma. Mbele ni pembe na ujinga tu."

Mume wangu akamwamini. Hapo ndipo yalipoanzia yote.

Kwanza walianza na gunia. Mtani alijaza mpunga nusu gunia, akamtwika mume wangu mabegani, akamwambia achuchumae polepole kama anayetafuta sindano, halafu ainuke haraka kama aliyeikalia. Anashuka, anainuka. Anapumzika kidogo, anarudia. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili hakuweza kushuka kitandani, na siku ya tatu nilimkuta chooni anapiga kelele. Choo chetu kilikuwa shimo na magogo mawili, na mtu aliyechuchumaa na gunia juzi hawezi kuchuchumaa bila gunia leo. Nililazimika kumfungia kamba kwenye mlingoti wa paa la choo ili ashuke akiwa ameishikilia. Kamba hiyo ilikaa pale mpaka mvua zikaisha, na wageni walidhani ni desturi yetu.

Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama gunia likipanda na kushuka.

"Mwanangu," akasema, "hilo gunia linakwenda wapi?"

"Haliendi popote, mama. Ni mazoezi."

"Kama haliendi popote, lishushe. Kama una nguvu, lipeleke mashineni likakobolewe."

Nilikubaliana naye, ila sikusema. Mimi nilikuwa natoka mtoni na debe la maji kichwani kila asubuhi na kila jioni, napandisha kilima, nachuchumaa kulitua, nachuchumaa kulitwika tena, na hakuna aliyewahi kuniambia hayo ni mazoezi. Miguu yangu ilikuwa mizuri sana wakati ule. Nasema tu kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kusema.

Gunia lilipozidi kujazwa, na tumbo la mume wangu likazidi kufunguka. Hapo kabla alikuwa mlaji wa kawaida. Sasa alikaa kwenye sinia kama mtu anayezima moto. Ugali uliotosha watu wanne ulikuwa wake, na maharage yaliyobaki kwa ajili ya asubuhi hayakuifikia asubuhi. Mama mkwe alikuwa na mfuko wa dagaa wa ziwani, wa Ikola, aliouning'iniza juu ya jiko ili uchukue moshi, akiufungua kwa wageni na kwa wagonjwa tu. Mume wangu alianza kusema anaumwa.

"Anaumwa nini?" mama mkwe akaniuliza.

"Mapaja, mama."

"Dagaa hawatibu mapaja."

Lakini alimpa. Alikuwa mkali, si mbaya. Na yeye naye alikuwa na hesabu yake kichwani: mwana akienda Tabora, vitenge vitakuja kwa treni. Kwa hiyo alivumilia. Kwaresima ilipoingia alifurahi waziwazi, akatutangazia kwamba nyumba yake itafunga kama Kanisa linavyotaka, mlo mmoja na maji. Mume wangu alikwenda kumuuliza katekista kama mtu anayeinua mizigo amesamehewa. Katekista akasema wagonjwa, wajawazito na wafanya kazi nzito wanaweza kupunguziwa. Akarudi na jibu hilo anatembea kifua mbele. Mama mkwe akauliza yeye yuko kundi lipi kati ya hayo matatu, maana kwa tumbo lile anaona la pili.

Ni katika Kwaresima hiyo ndipo maksai mmoja wa mtani alipokufa. Mbung'o walikuwa wengi upande wa porini, na ng'ombe wa watu waliohamia walikufa sana kwa ugonjwa wa ndorobo. Mtani alibaki na maksai mmoja, plau moja, na jaruba la mpunga ambalo halijalimwa huku mvua zikikaribia kumtoroka. Plau ile ilivutwa na wawili chini ya nira moja. Alikaa kwenye ukingo wa jaruba lake akitazama nira yenye pengo upande mmoja, kisha akamtazama mume wangu.

"Mtani," akasema.

"Hapana," mume wangu akajibu kabla hajaambiwa kitu.

"Sijasema neno."

"Macho yako yamesema."

"Unataka kuruka, hutaki kuruka? Gunia umeshalizoea. Gunia limekaa tu juu yako kama mama mkwe. Unahitaji kitu kinachokurudisha nyuma wewe ukikivuta mbele."

Walibishana mpaka jua likawa utosini. Mwishowe mume wangu akavua shati, akatia shingo chini ya nira. Mtani alisogeza ule mnyororo wa katikati ukawa karibu na maksai, kwa sababu anayekuwa karibu na mnyororo ndiye anayebeba zaidi, na akatia magunia matupu yaliyokunjwa chini ya shingo ya mume wangu asichubuke. Yule maksai aligeuza kichwa akamtazama mwenzake mpya kwa muda mrefu. Sijawahi kuona mnyama akishangaa namna ile.

"Ho!" mtani akapaza sauti, na akachapa fimbo.

"We! Umenichapa mimi!"

"Samahani, mtani. Mkono umezoea upande huo."

Wakaondoka. Tope lilikuwa linafika katikati ya miundi. Mume wangu alisukuma kwa miguu, akateleza, akasukuma tena, tope likapiga kelele kama anayemeza. Maksai alikwenda taratibu, bila kujali. Walifika mwisho wa jaruba wakageuka, na katika kugeuka mume wangu alianguka kifudifudi, na yule ng'ombe akasimama akamngoja, adabu ambayo baadhi ya watu hawana. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo nikicheka mpaka kanga ikanifunguka. Katekista alipita na baiskeli yake kwenye njia ya juu. Akashuka, akatazama, akafanya ishara ya msalaba, akapanda tena akaenda bila kusalimia.

Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilijua. Wengine walisema mume wangu amerogwa na Wasukuma, wengine kwamba ameshindwa deni la mahari. Mama mkwe alikuja mbio jaruba zima likimsikia.

"Nani amemfunga mwanangu! Nani amemgeuza mwanangu maksai!"

"Mwadila, mayu," mtani akamsalimia kwa Kisukuma, ameinama kwa heshima zote.

"Usinimwadile! Mtoe!"

"Mama, ni mazoezi," mume wangu akasema kutoka chini ya nira. Uso wote ulikuwa tope, yakionekana macho tu.

Mama mkwe alimtazama, akamtazama na maksai, kama anayelinganisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na usiku huu utataka kula kama nani kati yenu wawili?"

Mume wangu alivuta nira mpaka jaruba la mtani likaisha, na la jirani yake mwingine pia. Kuna asubuhi maksai alikuwa amechoka naye akaongoza. Mapaja yalijaa, kaptula ya shule aliyokuwa anaivalia mazoezi ikapasuka nyuma, nikaishona, ikapasuka tena pembeni ya mshono wangu. Alikuwa ameota makalio mawili ya kweli, magumu kama mchi. Nilikuwa mke wake, sina haya ya kusema kwamba nilifurahi. Usiku nilimwambia polepole, na mama mkwe akakohoa.

Baada ya Pasaka tukasimamisha miti na mwanzi kujaribu. Nikasimama kando, tukaweka usawa wa kidevu changu, kimo alichokuwa anakivuka tangu zamani akiongea. Akakimbia. Ilikuwa kama kutazama kabati likikimbia. Akafika kwenye mwanzi, akakusanya nguvu zote, akasukuma ardhi taratibu sana, kwa nguvu ambayo ingeng'oa kisiki, na akagonga mwanzi kwa kifua.

Tukashusha mpaka mabegani kwangu. Akagonga. Tukashusha mpaka kifuani. Hapo akavuka, kwa shida, akaanguka kwenye majani ya mpunga na kukaa humo humo.

Miezi yote ile, dagaa wote wale, na jiko langu lilikuwa limesogea mbali kuliko lilipokuwa mwanzo. Nilimgeukia mtani, na kwa mara ya kwanza sikumtania.

"Shemeji, umemharibu mume wangu."

Alijikuna kichwa. Alitazama miguu ya mume wangu kama anayetazama ng'ombe aliyemnunua akiwa na haraka. "Nguvu anazo," akasema. "Umemwona mwenyewe. Lakini, shemeji, nimekumbuka kitu."

"Kitu gani?"

"Sijawahi kuona maksai akiruka."

Hilo ndilo kosa letu, na nadhani ni watu wa kule tu wangeweza kulifanya. Tulikuwa na mtu anayetaka kuwa panzi, tukampeleka kwa ng'ombe kwa sababu ng'ombe ndiye mwalimu wa nguvu tuliyekuwa naye. Akamfundisha alichokijua, yaani kusukuma bila haraka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Miguu ilikuwa imejifunza kwamba ardhi ni tope na mahali pa kwenda ni mbele. Haikujua tena kwamba kuna juu.

Mume wangu alisema kutoka kwenye majani, "Basi nani anaruka?"

"Mbuzi," mtani akajibu.

Nilitaka kumpiga na mwanzi. Lakini mtani alikuwa na mbuzi pia, na nyuma ya zizi lake kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho mbuzi walipenda kupanda. Tulikwenda kuwatazama, watu wazima watatu, tumekaa chini mchana kweupe tunatazama mbuzi. Wapita njia walishaacha kushangaa mambo yetu. Tuliona kwamba mbuzi anaposhuka kutoka kichuguu hatui akakaa. Anagusa tu chini, na kule kugusa kunamrusha tena kwenye jiwe lililo mbele.

Ndivyo walivyoanza upya. Mume wangu alipanda kichuguu mpaka usawa wa goti, baadaye mpaka usawa wa paja. Anashuka kwa miguu miwili, na papo hapo anaruka juu kadiri awezavyo. Mtani alisimama pembeni na fimbo, safari hii akichapa ardhi.

"Usikae! Chini kuna moto! Unaungua!"

"Nimeruka!"

"Umeruka baada ya kufikiri. Mbuzi hafikiri. Mwangalie yule, ana sura ya kufikiri?"

Badala ya plau akafungiwa gogo dogo, na hakulivuta kutwa. Alilivuta mbio hatua chache, akalifungua, akakimbia bila kitu huku miguu ikidhani bado inavuta. Gunia hawakuliacha kabisa, ila lilipunguzwa, na aliinuka nalo kwa kasi mpaka visigino vinaondoka chini. Na katikati ya kazi walipumzika sana. Mtani alisisitiza hilo. Alisema ukimfundisha maksai mchanga amechoka, anajifunza uchovu.

Mama mkwe hakulipenda pumziko. Gunia alikuwa amelizoea, nira ameisamehe, lakini mtoto wake mzima kukaa kivulini akitazama mbuzi kisha aje ale ugali wa ng'ombe, hilo lilimshinda.

"Zamani alikula akafanya kazi," akaniambia tukichambua mchele. "Halafu akawa anakula na kucheza. Sasa anakula na kupumzika. Mwisho wake ni nini?"

"Saba Saba, mama."

"Saba Saba ni siku moja. Kula ni kila siku."

Tulipojaribu tena, mvua zilikuwa zimekatika na ardhi imekauka. Kidevuni kwangu alivuka akiwa na nafasi ya kutosha. Tukapandisha mpaka usawa wa macho yangu, akavuka. Paji la uso, akagonga, akarudia, akavuka. Zile nguvu za ng'ombe zilikuwa zimebaki ndani, zilikuwa zinangoja tu kufundishwa haraka. Siku chache kabla ya sherehe nilisimama na kilemba changu kichwani, mwanzi ukawekwa juu yake, na mume wangu akapita. Nilisikia upepo wake. Sikupiga vigelegele, niliogopa kuiharibu bahati. Nilikwenda nyuma ya nyumba na kutazama mawe yaliyolala pale, nikachagua kwa macho yale ambayo ningeyataka kama yangekuwa yangu, ingawa Tabora nayo ina mawe.

Siku ya Saba Saba Mpanda ilikuwa imejaa. Kulikuwa na maonyesho ya mahindi, tumbaku na asali ya Inyonga, hotuba ndefu, vumbi, na ngoma. Mtu wa shirika alikuwa mnene, amevaa kaunda suti na kukaa kwenye kiti chini ya turubai, akinywa soda. Mama mkwe alikuja pia, amevaa gauni la kanisani. Mtani alikuja na fimbo yake, sijui kwa ajili ya nani.

Warukaji walikuwa wachache, na wengi walitoka mapema. Wakabaki wawili, mume wangu na kijana mmoja mrefu kutoka Inyonga mwenye miguu kama ya korongo, mapaja hana, makalio ndiyo kabisa. Ungemweka kwenye nira angekatika. Wakapandisha mwanzi ukawa juu ya kimo changu. Nilijua kwa jicho, sikuhitaji kusogea.

Korongo akakimbia, akajikunja kama kitambaa, akavuka.

Mume wangu alikuwa na nafasi tatu. Ya kwanza aligonga kwa goti. Ya pili alikuja vizuri, akasukuma ardhi kama mbuzi, miguu ikapita, kifua kikapita, na mwanzi ukaanguka. Watu hawakuelewa umeangushwa na nini. Mimi nilielewa. Nilikuwa nimeishona ile kaptula mara nyingi mno.

Ya tatu alisimama muda mrefu. Mtani akapaza sauti kutoka kwenye umati, "Chini kuna moto!" na watu wakatazama chini. Mume wangu akakimbia, akaruka. Sitasahau jinsi alivyokwenda juu. Kwa muda kidogo alikuwa kama kitu kilichoachiwa, hakuna kamba wala tope wala gunia. Mguu wa kwanza ukapita juu sana, wa pili ukafuata, na watu wakaanza kushangilia. Kisha, wakati yeye ameshaanza kushuka, makalio yale niliyoyapenda yakaushika mwanzi, kidogo tu, kama mtu anayepita na kumgusa mwenzake bega. Mwanzi ukatikisika. Ukakaa. Mama mkwe akapiga kigelegele. Mwanzi ukaanguka.

Mtu wa shirika alikuja kumpa mkono. "Kijana," akasema, "miguu unayo. Tatizo ni mzigo unaoifuata."

Umati wote ulicheka, na mtani alicheka kuliko wote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Korongo wa Inyonga akaandikwa jina. Mume wangu alicheka pia. Mimi sikucheka.

Tulirudi kwa miguu, mama mkwe akiwa mbele na mtani. Mume wangu akaniambia, "Najua ulitaka sana kwenda Tabora."

"Sikutaka Tabora."

"Ulitaka nini basi?"

Nikamwambia. Alisimama katikati ya njia. Alikuwa mwanamume, mambo ya mafiga aliyaona kama mambo ya hali ya hewa, yanakuja yakija. Alidhani mimi ndiye niliyechoka kijiji. Mimi nilidhani yeye ndiye aliyependa kuruka.

"Kwa hiyo nimevuta plau," akasema, "kwa ajili ya mawe matatu."

"Na hujayapata," nikasema. Nilikuwa na hasira bado.

Mazoezi aliyaacha siku hiyohiyo. Tumbo halikuacha. Sikujua kwamba njaa ya mtu wa nira haiondoki pamoja na nira, na mama mkwe naye hakujua. Mume wangu alikula Julai yote kama aliyevuta, na Agosti kama aliyeruka. Vitenge havitakuja, na unga unashuka. Alikomba dagaa wa mwisho wa Ikola, mfuko ukabaki umening'inia mtupu kama soksi. Mama mkwe aliupapasa, akauangalia ndani, akatoka nje.

Tulisikia kitu kinabingirika. Alikuwa anasukuma jiwe kwa mguu kutoka nyuma ya nyumba, gauni amelifunga kiunoni. Akalifikisha upande wa chumba chetu, akarudi kuchukua la pili. Nilisimama kumsaidia akaninyooshea kidole.

"Usiguse! Hii si kazi yako." Alihema. "Umemlisha mtu akawa hivi, basi mlishe mwenyewe. Chungu changu kimechoka. Mimi nimechoka. Huyu si mtoto tena, huyu ni zizi zima!"

La tatu lilikuwa zito, likamsumbua. Mume wangu alitaka kulibeba, naye akamfukuza kwa matusi ambayo sitayaandika. Alilivuta mwenyewe mpaka mahali pake, akayapanga matatu yakatazamana, akayatikisa kwa mguu kuona kama yamekaa, akarekebisha moja. Kwa hasira zake zote, aliyapanga vizuri. Mtani, aliyekuwa amekuja kuomba moto, akaona yanayotendeka akapiga kigelegele kwa sauti yake ya kiume, kibaya ajabu, na majirani wakachungulia. Kwa hiyo hata mashahidi walikuwepo.

Mpaka leo kuna wanaosema mimi sikuwekewa mafiga, nilifukuzwa jikoni. Sikumuuliza mama mkwe, na yeye hakueleza. Kesho yake alikuja kuomba chumvi kwangu, akasimama nje ya jiko akingoja nimkaribishe.

Jioni ile ya kwanza niliazima sufuria, nikasonga ugali. Ulikuwa na mabonge. Mume wangu akala, akafuta sinia kwa kidole, akanitazama.

"Kuna mwingine?"

"Umekwisha," nikamwambia, na nikamnyang'anya sinia nikaliosha.